Kompyuta Iliyozimika Jumamosi Jioni



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kompyuta. Tunajua kwamba baadhi yenu, hasa akina mama wa jumuiya zetu ndogondogo wanaosoma ukurasa huu kwa simu za watoto wao, watashangaa, na wengine watakunja uso watakaposikia kwamba kompyuta yenyewe ni ya kuchezea gemu. Lakini habari hii ina deni ndani yake, na deni lenyewe tulilifanya mbele ya watu. Si vema basi tulilipe kwa kificho.

Mashine hiyo tuliletewa miaka miwili iliyopita na muumini wetu wa zamani anayeishi Ujerumani. Ilikuwa imetumika, lakini ni mashine yenye nguvu: prosesa ya viini sita, vijiti viwili vya kumbukumbu vya gigabaiti 8 kila kimoja, na kadi ya picha yenye feni mbili, nzito kama tofali. Tuliiweka katika ukumbi wa vijana. Siku za kazi wanakwaya huitumia kuhariri video zao, na Jumamosi jioni, baada ya mazoezi, vijana hucheza mpira wa kwenye skrini. Wapo waliotuuliza kwa nini parokia ifuge gemu. Jibu letu limekuwa lile lile: kijana anayecheza ukumbini saa moja usiku, tunajua yuko wapi.

Tangu mwanzo mashine ilikuwa na kigugumizi. Picha ilikwenda vizuri, kisha ikasimama kwa kitambo kidogo kama kupepesa jicho, kisha ikaruka mbele. Mchezaji aliyekuwa akijiandaa kupiga penalti alikuta mpira umekwisha kupigwa. Kwenye kona ya skrini namba ilisema fremu 70 kwa sekunde, nasi tukasema, sabini si haba, mnalalamikia nini? Hatukujua kwamba wastani huficha mengi. Skrini inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde huipa kila fremu milisekunde 16.7 tu. Fremu 69 zikiwahi na moja ikachelewa kwa milisekunde 150, wastani hausemi neno, lakini jicho limekwisha kuona.

Aliyetueleza hayo ni kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mtoto wa mama fundi cherehani, ambaye pia ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kwaya ya vijana. Alituomba ruhusa aingie kwenye BIOS, au baiosi kama wanavyotamka wao. Kwa msioijua, hiyo ni programu ndogo inayokaa ndani ya ubao mama na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Huhesabu viungo, huviamuru viende kwa mwendo gani na kwa volti ngapi, kisha huikabidhi kompyuta kwa Windows. Jina hilo ni la zamani, tangu mfumo wa CP/M wa Gary Kildall katika miaka ya 1970. Mashine za leo zimehamia kitu kipya kiitwacho UEFI, lakini watu hawakuliacha jina la awali.

Kijana akatueleza kwamba vijiti vyetu vya kumbukumbu viliandikwa 3200, ila vilikuwa vikienda kwa 2133. Ubao usipoambiwa vingine huchagua mwendo wa pole ulio salama. Mwendo ulioandikwa kwenye kijiti umehifadhiwa ndani yake katika orodha iitwayo XMP, nao hauanzi kazi mpaka mtu auwashe kwa mkono. Tulimruhusu bila kuelewa hata nusu ya maneno yake. Akauwasha, na kigugumizi kikapungua. Baada ya siku moja kikarudi. Akaingia tena, kikapungua, kikarudi. Juma lile tulimkuta mara tatu ameinamia skrini ile ya bluu yenye maandishi madogo. Mara ya tatu alituambia, "Baba Paroko, kuna mtu anarudisha mipangilio." Tulicheka. Nani katika parokia hii angejua hata mahali pa kuirudisha?

Jumamosi iliyofuata palikuwa na fainali. Vijana wa parokia jirani walikuja na wazazi wao, viti vikajaa, soda zikagawiwa. Ilipofika saa moja na robo usiku, kipindi cha pili, skrini ikawa nyeusi na feni zikanyamaza. Hapakuwa na onyo wala maandishi ya kosa. Baada ya sekunde chache mashine ikawaka yenyewe. Wakaanza upya, ikazimika tena. Mara ya tatu wageni walianza kuvaa makoti.

Nasi tukamgeukia yule kijana. Tulimwambia, kwa sauti ambayo mlinzi aliisikia getini, kwamba ameiharibu mali ya watu kwa kiherehere chake, na kwamba asiiguse tena. Hakujibu. Alichukua daftari lake la nota juu ya kinanda akatoka. Jumapili hiyo kwaya iliimba bila kinanda, na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo. Mama yake tulikutana naye mara mbili mlangoni mwa kanisa. Alitusalimu kwa heshima ile ile, naye hakutaja jambo hilo, wala sisi hatukulitaja.

Tulimwita fundi kutoka mjini. Alirudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, akaitazama mashine kwa robo saa, akasema ubao mama umeungua, na mwingine ni shilingi 450,000. Tulimshukuru tukamwomba muda. Jumatano jioni wanakwaya wakawasha kuhariri video, mashine ikafanya kazi saa mbili nzima bila tatizo. Jumamosi vijana wakafungua gemu, ikazimika.

Hapo ndipo tulipoanza kukosa usingizi. Ikiwa mipangilio ya kijana ndiyo iliyoua, na mipangilio hiyo imekwisha kuondolewa, mbona ugonjwa umebaki? Katika seminari tulifundishwa somo la mantiki na mzee mmoja mkali aliyetufanya tuimbe makosa ya hoja kama watoto wa chekechea: post hoc, ergo propter hoc. Jambo limekuja baada ya lingine, basi limesababishwa na hilo lingine. Tulipata alama nzuri sana katika mtihani ule.

Tulinunua daftari la mraba, tukaanza kuandika kila mara mashine ilipozimika: siku, saa, nini kilikuwa kikifanyika. Windows nayo ina daftari lake la matukio, na kila mara liliandika tukio namba 41. Tulifurahi kwa dakika tano, mpaka tulipoelewa maana yake: kompyuta iliwaka upya bila kwanza kuzimwa kwa utaratibu. Basi. Ni kama cheti cha daktari kisemacho kwamba marehemu amefariki.

Hata hivyo palikuwa na jambo la kujifunza katika ukimya huo. Kumbukumbu ikiwa mbovu, au draiva ikikosana na kadi ya picha, aghalabu mashine hupata muda wa kulalamika: gemu hujifunga, au huja ile skrini ya bluu yenye namba ya kosa. Mashine inapokatika kama taa, shuku kwanza joto au umeme. Tukaanza na joto. Tulifungua ubavu wa mashine tukakuta vumbi limetanda kwenye feni ya prosesa kama sufi ya mto, na pesti iliyo kati ya prosesa na kipooza joto imekauka ikawa chaki. Tulipiga vumbi kwa brashi na hewa, tukapaka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu. Joto la prosesa wakati wa gemu lilishuka kutoka nyuzi 91 hadi 74. Tulijipongeza. Jumamosi ikazimika saa moja na dakika arobaini.

Aliyetufungua macho ni mlinzi wetu, mzee asiyejua kompyuta wala asiyetaka kuijua. Tulikuwa tumesimama naye nje ya ukumbi tukimweleza masikitiko yetu, naye akasema, "Padre, ile taa ndefu ya ukumbini hupepesa kila pampu inapoanza." Tukamwuliza pampu ipi. Akatutazama kwa huruma. Pampu ya maji tuliyofunga sisi wenyewe, ile inayojiwasha kwa boya tangi la juu likipungua, na tangi hupungua jioni, watu wakioga na kupika. Tulikwenda kutazama risiti. Pampu ilifungwa siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali.

Mota ya pampu, wakati wa kuanza, hunywa mkondo wa umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikisha kuzunguka. Yetu ilikuwa imeunganishwa kwenye laini ile ile ya ukumbi. Fundi umeme mmoja muumini wetu alikuja na mita: saa kumi na moja jioni soketi ilisoma volti 228, saa moja na nusu ilisoma 204, na pampu ilipoanza, mita ilishuka chini ya 160 kisha ikapanda. Tuligeuza kompyuta tukasoma kibandiko cha kifaa chake cha kugawa umeme. Vipo vingi vilivyoandikwa 100 hadi 240, navyo mshtuko kama huo havijali. Chetu kiliandikwa 200 hadi 240. Kifaa cha namna hii kina akiba ya umeme ya muda mfupi mno, kama milisekunde 16 hivi kikiwa na mzigo mzito. Mzigo ukiwa mdogo akiba hudumu zaidi. Ndiyo maana video ya kwaya ilipona na mpira haukupona. (Tafadhali, asiwepo kati yenu atakayekifungua kifaa hicho ili akione ndani. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.)

Fundi umeme akauliza waya wa soketi unapita wapi. Ulipita chini ya zulia. Ekstensheni hiyo tuliinunua sisi, kwa bei ya chini, na kwa kuwa ilikuwa ndefu tuliikunja mizunguko sita tukaificha. Alipoifungua plagi yake, tundu moja lilikuwa limelegea na plastiki imekuwa nyeusi. Alinusa, akatikisa kichwa, akasema tushukuru kwamba kilichozimika ni kompyuta tu.

Katika kusoma kwetu siku hizo tulikutana na kisa kikubwa kuliko chetu. Mwaka 2024 watu wengi duniani waliokuwa na prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile kubwa za mezani, walisumbuliwa na gemu zilizojifunga. Ujumbe wa kosa mara nyingi ulisema kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, hivyo waliilaumu kadi, wakailaumu gemu, wakawalaumu watengenezaji wa bao mama. Mwezi Julai mwaka huo Intel yenyewe ilieleza kwamba maagizo yaliyo ndani ya prosesa zake yalikuwa yakidai volti kupita kiasi; mwezi Agosti likatoka rekebisho lenye namba 0x129 la kuingizwa kupitia BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Prosesa iliyokwisha kudhurika rekebisho halikuiponya, ilibidi ibadilishwe. Mashine yetu si ya jamii hiyo. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu ya watu waliotuma kadi zao nzima kwenye matengenezo kwa sababu tu ujumbe wa kosa uliitaja kadi.

Tulikwenda nyumbani kwa yule kijana siku ya Jumatatu, kwa miguu, bila gari la parokia. Mama yake alikuwa anashona sare za shule, akasimamisha cherehani. Tulimwomba kijana aketi, tukamweleza yote: pampu, ekstensheni, zulia, 160. Tukamwambia kwamba tulimkosea mbele ya watu na kwamba tutalisema hilo mbele ya watu wale wale. Alisikiliza akitazama mikono yake. Alipoinua uso hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Na betri ya ubao mliipima, Padre?"

Hatukuwa tumeipima. Ni kile kidonge cha fedha kiandikwacho CR2032, cha volti 3, kinachoilinda saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina umeme. Chetu kilisoma 2.1. Na kila usiku, kwa amri yetu wenyewe kwa kuogopa moto, soketi ya ukumbi ilizimwa ukutani. Kila asubuhi mashine iliamka imesahau kila kitu: saa, tarehe, na mwendo wa kumbukumbu. Kumbe kweli palikuwa na mtu aliyekuwa akirudisha mipangilio. Tena Jumamosi ya fainali kijana hakuwa ameingia kwenye BIOS kabisa, alikuwa akipanga viti. Mashine ilizimika ikiwa katika mipangilio ya kiwandani. Tulimlaumu kwa kitu ambacho hakikuwamo.

Alirudi Alhamisi. Kazi iliyobaki tulifanya naye jioni nne, yeye akiamuru na sisi tukiandika. Sharti lake lilikuwa moja, tubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hatutajua kilichoponya. Betri kwanza. Kisha akatuuliza nani alivichomeka vijiti vya kumbukumbu. Tulikuwa sisi, siku mashine ilipofika, kwani vililegea safarini. Tulivipanga jirani jirani, nafasi ya kwanza na ya pili, vikapendeza. Ubao ule unataka ya pili na ya nne, ndipo prosesa ivisome vyote viwili kwa wakati mmoja kwa njia mbili. Kwa mpango wetu ilikuwa ikitumia njia moja. Alivihamisha bila maoni yoyote, nasi tukamshukuru kwa hilo.

Akawasha XMP, akatia Memtest86+ kwenye fleshi, na usiku mzima mashine ikaandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu. Asubuhi: mizunguko minne, makosa sifuri. Katika jaribio hilo hata kosa moja ni kosa.

Tusije tukamfanya malaika, ipo sehemu aliyoteleza. Alitaka kuipunguzia prosesa volti ili ipoe zaidi, akaweka hasi 30 kama alivyoona kwenye video fulani. Gemu ilikwenda vizuri saa nzima. Tukaiacha mashine imetulia tunakunywa chai, ikajizima na kuwaka yenyewe bila mtu kuigusa. Safari hii daftari la Windows halikuandika 41 peke yake, liliandika pia tukio namba 18 la WHEA, maana yake prosesa yenyewe imeripoti kosa ndani ya viini vyake. Kijana alielewa kabla yetu. Prosesa inapokuwa na kazi nyepesi, kiini kimoja hukimbia kwa kasi ya juu kabisa, hivyo ukiipunguzia volti mno huanguka ikiwa imepumzika kuliko inapotoka jasho. Akarudi hasi 15, ikaanguka siku ya pili. Sasa iko hasi 10, na haijaanguka.

Toleo jipya la BIOS alikataa kuliingiza mpaka pampu ipate laini yake, kwani umeme ukikatika katikati ya uandishi huo ubao waweza kufa kweli, na safari hii yule fundi wa mjini angekuwa na haki. Pampu ilipata laini yake tarehe 9. Ekstensheni tuliikata vipande ili asije mtu akaiokota.

Jumamosi iliyopita tulirudia fainali, na parokia jirani walikubali kuja. Kabla ya kuanza tulisimama mbele tukayasema yale tuliyoahidi kuyasema. Vijana walinyamaza, na mzazi mmoja wa wageni alikohoa. Kisha kijana akaenda nyuma ya ukumbi akafungua bomba la maji kwa makusudi, akaliacha litiririke mpaka tangi lishuke. Tulisikia pampu ikinguruma kipindi cha pili. Watu wote waligeuka kutazama skrini.

Tulifungwa mbili kwa moja. Katika daftari la mraba ameandika kwa mwandiko wake: saa 1:22 usiku, pampu imewaka, volti 221, hakuna tukio. Jumapili alipiga kinanda misa ya kwanza, ya pili akasema amechoka.